Sami, Mwezi na Chafya za Mfangano

Anayesafiri kwa mashua kutoka Mbita kwenda Sena, katika Kisiwa cha Mfangano, huweza kuona alfajiri nguzo za moshi zikiinuka katikati ya Ziwa Victoria, mahali pasipo na kisiwa wala chombo. Nguzo moja hupinda kwa upepo, nyingine husimama wima kama mvule, na mgeni hudhani kuna meli inayoungua. Mwenyeji hutazama upepo unakoelekea, kisha huamua kama ataanua nguo. Ule si moshi. Ni sami, wadudu wadogo kama mbu, mamilioni kwa mamilioni, waliopanda kutoka matopeni usiku ule ili wajamiiane, watage na kufa.

Upepo wa ziwani ukiwasukuma hadi nchi kavu, kijiji kizima hubadilika. Sami hawaumi, wala hawana haja na damu ya mtu, lakini huingia puani, machoni, kwenye chai na kwenye mboga iliyoachwa wazi. Giza likiingia hufuata taa, na asubuhi chini ya taa hubaki rundo laini la kijivu linalosubiri ufagio. Hapo, katika kufagia, ndipo watu wanapotofautiana. Mmoja atafagia rundo lile, alitupe nje na kuendelea na kazi zake. Mwingine atapiga chafya kumi mfululizo, macho yatamwasha na kujaa maji, pua itatoa kamasi jepesi kama maji ya mvua, na kifua huenda kikabana. Kesho yake atakwenda zahanati na kusema ana homa.

Neno hilo limebeba mengi. Nchini Kenya mtu mwenye mafua husema ana homa, hata kama mwili wake hauna joto lolote. Waingereza nao waliuita ugonjwa wa chafya za msimu homa ya majani makavu, wakakosea mara mbili katika jina moja, kwa kuwa ugonjwa huo hauleti homa na majani makavu si chanzo chake kikuu. Kiswahili cha madaktari sasa kina jina lililo sahihi zaidi, mafua ya mzio, yaani mafua yasiyoletwa na kirusi bali na mwili kuikataa kwa nguvu chembe ambayo haina nia yoyote ya kuudhuru. Chembe hiyo ni ipi, na huja lini, ni jambo linalotegemea mahali. Mfangano ina majibu yake, na ili kuyaelewa ni lazima kupitia historia ya kisiwa na ya ziwa linalokizunguka.

Historia ya ugonjwa wenyewe katika vitabu ilianza mbali na hapa. Mwaka 1819 daktari mmoja wa London, John Bostock, aliwaeleza madaktari wenzake habari za mgonjwa ambaye kila kiangazi aliwashwa macho, akapiga chafya na kukosa pumzi. Mgonjwa huyo alikuwa Bostock mwenyewe. Alitafuta wengine wenye shida kama yake, na miaka 9 baadaye akaandika habari zao na kuuita ugonjwa huo mafua ya kiangazi, akiamini kwamba chanzo chake ni joto la jua. Watu wa kawaida walishika kauli yao kwamba ni majani yanayokatwa na kukaushwa kwa ajili ya mifugo.

Aliyefumbua fumbo alikuwa Charles Blackley wa Manchester, naye pia mgonjwa. Alikusanya chavua, ule unga wa maua ya kiume, akajipaka puani, machoni na kwenye ngozi aliyoikwaruza, kisha akaandika kilichompata. Alirusha tiara angani akiwa amezifunga vioo vyenye kunata ili ajue chavua husafiri juu kiasi gani. Kitabu chake cha mwaka 1873 kilionyesha kwamba mhalifu mkuu Uingereza ni chavua ya nyasi, ambayo huelea hewani kwa wingi mwezi Juni.

Kazi hiyo ilikuwa kubwa, na heshima yake haipungui. Lakini pamoja na sayansi yake ilisafiri kalenda yake. Kusema mzio wa msimu kukawa ni kusema majira ya kuchipua, maua na mwezi Juni. Mfangano iko chini kidogo tu ya ikweta. Haina baridi inayoua nyasi wala majira ya kuzifufua. Ina masika ya Machi hadi Mei, vuli ya Oktoba hadi Desemba, pepo mbili zinazopokezana, ule wa nchi kavu usiku na ule wa ziwani mchana, na mwezi unaoandama na kupungua. Mtu anayetafuta msimu wa chafya hapa kwa kalenda ya Manchester atatoka mikono mitupu.

Ukongwe wa maisha ya mimea na wadudu katika kisiwa hiki si wa kubahatisha. Mfangano na jirani yake Rusinga ni miongoni mwa maeneo mashuhuri duniani kwa mabaki ya viumbe waliogeuka mawe. Mwaka 1948 Mary Leakey aliokota Rusinga fuvu la Proconsul, nyani mkubwa wa kale, na tabaka za miamba ya visiwa hivi, zenye umri wa miaka milioni 18 hivi, zimetoa pia mbegu, matunda na wadudu waliohifadhiwa ndani ya majivu ya volkano. Ziwa Victoria la leo ni kijana mno mbele ya mawe hayo. Misitu ilitoa chavua hapa muda mrefu kabla ya kuwepo pua ya mwanadamu ya kuivuta.

Watu walipokuja walitazama juu. Katika mapango na miamba ya Mawanga na Kwitone kuna michoro ya duara ndani ya duara na miali inayozunguka, kwa rangi nyekundu na nyeupe, inayodhaniwa kuwa kazi ya wawindaji wa asili ya Watwa walioishi hapa kabla ya wakulima na wavuvi. Wasuba, ambao simulizi zao zinawatoa upande wa Buganda na visiwa vya magharibi, waliikuta na kuipa kazi mpya. Koo zenye mamlaka ya kuomba mvua, kama Wasamo wa Kwitone, ziliifanya miamba hiyo mahali patakatifu, na duara zile zikasomwa kuwa jua na mwezi. Makumbusho ya Amani ya Jamii ya Abasuba, yaliyoko kisiwani, yanalinda urithi huo hadi leo, pamoja na lugha ya Kisuba ambayo kwingi imemezwa na Dholuo lakini Mfangano bado ina wazungumzaji wake.

Kwa mkaazi wa kisiwa, jua na mwezi havikuwa pambo. Mwezi huamua uvuvi. Omena, ambao Tanzania huitwa dagaa, huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali taa haina nguvu, samaki hutawanyika, na wavuvi hubaki pwani wakitengeneza nyavu. Mwezi ukipotea, karabai huwashwa, na ziwa usiku huonekana kama mji. Ni katika siku hizo hizo ambapo sami hutoka.

Uhusiano huo ulithibitishwa na wanasayansi miaka ya 1950. Shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki lilikuwa limeanzishwa Jinja mwaka 1947, na mmoja wa watafiti wa ziwa hili, W. W. MacDonald, alishughulika na wadudu hawa pamoja na samaki wanaowala, hasa domodomo, ambaye pua yake ndefu imeumbwa kwa kuchokoa matope. Alionyesha kwamba wale wa jamii ya Chaoborus hutoka majini kwa wingi karibu na mwezi mwandamo, mwezi baada ya mwezi, mwaka mzima. Buu lao ni angavu kama kioo. Mchana hujificha katika matope ya chini, usiku hupanda kuwinda viumbe wadogo. Likikomaa hupanda mara ya mwisho, hupasuka, na mdudu mwenye mabawa huruka. Ana siku chache tu za kuishi. Pamoja nao hutoka jamii nyingine, visubi wasiouma, ambao mabuu yao mengi ni mekundu kama damu.

Wekundu huo una maana kubwa katika habari hii, nao utarejewa.

Kabla ya kuwa kero ya pua, sami walikuwa chakula. Wajaluo na majirani zao wa kandokando ya ziwa wamewakusanya tangu zamani kwa vikapu na sufuria zilizopakwa mafuta au maji, wakawaponda, wakawafinyanga na kuwakausha. Jambo hilo si la Ziwa Victoria peke yake. David Livingstone alipolizuru Ziwa Nyasa mwaka 1861 aliona mawingu ya wadudu wa aina hii, ambao wenyeji waliwaita kungu, yakipita juu ya maji kama moshi wa nyika inayoungua. Ilibidi kufumba macho na kinywa katikati yake. Alionja keki iliyopikwa kwa wadudu hao na kuifananisha na nzige waliotiwa chumvi. Katika karne hii Profesa Monica Ayieko, wa Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kilichoko Bondo, ameandika juu ya ulaji wa sami na kujaribu kuwageuza kuwa biskuti na vyakula vingine vya kuuzwa. Protini wanayo tele. Bahati mbaya ni kwamba protini hiyo hiyo, ikivutwa puani badala ya kuliwa, ndiyo inayoweza kuwa adui kwa baadhi ya watu.

Ushahidi wa hilo ulitoka Sudan. Kwa vizazi vingi wakazi wa Wadi Halfa, kaskazini kabisa mwa nchi hiyo, waliteswa kila majira ya baridi na kisubi mdogo wa kijani kutoka Mto Nile, aliyeitwa nimitti. Hakuuma. Lakini alipojaa hewani watu walipiga chafya, wakavimba macho, na wengine wakapata pumu ya kutisha. Baada ya bwawa la Jebel Aulia kukamilika mwaka 1937 kusini mwa Khartoum, maji yaliyotuama yakawa shamba zuri la mabuu, na kero ikahamia mji mkuu. D. J. Lewis, mtaalamu wa wadudu wa serikali, alimfuatilia mdudu huyo kwa bidii hata aina hiyo ilipopewa jina rasmi mwaka 1950 ikaitwa kwa jina lake, lewisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa Sudan na Uingereza waliwachoma wagonjwa ngozi kwa maji yaliyochanganywa na wadudu hao, ngozi ikavimba, na damu yao ikaonekana ina kingamwili zilizotengenezwa mahsusi dhidi ya nimitti. Haikuwa hisia wala ushirikina. Watu walikuwa na mzio wa mdudu wa majini.

Wakati huo huo Ujerumani, Xaver Baur na wenzake walikuwa wakichunguza wafanyakazi waliougua kwa kushika chakula cha samaki wa mapambo, kilichotengenezwa kwa mabuu mekundu yaliyokaushwa. Walipokichambua kiini cha mzio huo wakagundua ni himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu. Buu la kisubi huishi katika matope yasiyo na oksijeni ya kutosha, kwa hiyo limejipatia damu nyekundu ya kuikamata ile kidogo iliyopo. Mdudu anapokomaa na kuruka hubeba sehemu ya rangi hiyo mwilini. Akifa hukauka, hupondeka, na kuwa vumbi. Vumbi hilo hukaa kwenye nyufa za ukuta, juu ya neti ya mbu, chini ya kitanda. Ndiyo maana aliye na mzio huweza kupiga chafya siku 10 baada ya wingu kupita, akidhani anasumbuliwa na kitu kingine.

Sami wa Mfangano ni ndugu wa nimitti. Mawingu yao yamechanganya wale wa buu angavu na wale wa buu jekundu, na mwenye pua nyepesi hachagui ni yupi anamvuta.

Hapa historia ya ziwa inaingia kwa nguvu, kwa sababu wingi wa sami wa leo si wa kudra peke yake. Ziwa Victoria lilikuwa na aina zaidi ya 500 za samaki wadogo ambao Wajaluo huwaita fulu na Watanzania furu. Hadi miaka ya 1970 samaki hao walikuwa takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wote wa chini ya ziwa. Baadhi yao walikula mwani, baadhi konokono, na wengi walikula mabuu ya wadudu. Walikuwa wafagizi wa matope. Kisha serikali za kikoloni zilimleta mbuta, ambaye Tanzania huitwa sangara, miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa nia ya kupata samaki mkubwa wa kuuza. Kwa miaka 20 hivi mbuta alitulia. Karibu na mwaka 1980, kwanza katika ghuba ya upande wa Kenya, akafumka. Fulu wakaliwa hadi wakabaki chini ya asilimia 1 ya samaki wa ziwa. Viwanda vya minofu vikajengwa, vijiji vya wavuvi vikafurika, Mbita ikawa mji. Na kule chini, matope yakakosa wafagizi. Omena wakaongezeka, dagaa-kamba wadogo wakaongezeka, na watafiti wa ziwa wakaona mabuu ya sami nayo yakistawi.

Jambo la pili likaongeza la kwanza. Mbolea, udongo wa mashamba na maji machafu ya miji yalitiririka ziwani tangu miaka ya 1960, mwani ukakoza maji rangi ya kijani, na mwani huo ukiozea chini humaliza oksijeni. Samaki hukimbia mahali kama hapo. Buu lenye damu nyekundu hubaki, kwa kuwa ndiyo kazi ya damu ile. Magugu maji yaliyovamia ziwa kuanzia mwisho wa miaka ya 1980 yalifunga ghuba na kuongeza uozo. Mtoto wa Sena anayewashwa macho usiku wa giza anabeba usoni matokeo ya maamuzi yaliyofanywa na watu wazima miaka 70 iliyopita, katika ofisi ambazo hakuna aliyefikiria pua ya mtu.

Sami si wahalifu pekee, ingawa ndio wanaoonekana. Mvua za kwanza zikinyesha, nyasi za miteremko ya Kwitutu, mlima ulio katikati ya kisiwa, hutoa maua madogo yasiyo na harufu wala rangi ya kuvutia nyuki, kwa sababu hazimtegemei nyuki, hutegemea upepo. Maua yanayopendeza, kama ya mkrismasi wa uani, huwa na chavua nzito inayonata, na kwa kawaida hayana hatia. Nyasi ya kawaida ya kandokando ya njia, ile inayotambaa na kulishwa mbuzi, ni mojawapo ya zile zinazojulikana duniani kote kwa kuleta mzio. Mahindi nayo hutoa chavua nyingi, ila ni nzito na huanguka karibu na shamba. Katika bara la Kenya kumeongezeka gugu la Parthenium, lenye maua meupe madogo, ambalo liliingia India miaka ya 1950 pamoja na nafaka kutoka nje na kuacha huko maelfu ya watu wenye vipele na mafua. Kenya ililitangaza kuwa gugu hatari mwaka 2010. Wenye mashamba wasiling'oe kwa mikono mitupu.

Kisha kuna ukungu. Mvua za mwaka 1961, ambazo wazee wanaziita mvua za Uhuru, ziliinua ziwa kwa zaidi ya mita 2 ndani ya miaka michache, na mwaka 2020 maji yakarudi katika kimo kile, yakaingia nyumba, makanisa na masoko ya pwani. Ukuta uliolowa hubaki na kuvu miezi mingi, na kuvu hutawanya mbegu zake hewani kama unga. Ndani ya godoro na blanketi huishi utitiri wa vumbi, asiyeonekana kwa macho, ambaye kinyesi chake ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya mzio Afrika Mashariki. Hata ngurumo si za kupuuzwa. Mjini Melbourne, Australia, mwezi Novemba 2016, dhoruba moja ilipasua chavua ya nyasi kuwa vipande vidogo vinavyofika ndani kabisa ya mapafu, maelfu wakakimbizwa hospitali na watu 10 wakafa. Ziwa Victoria ni mojawapo ya sehemu zenye ngurumo nyingi zaidi duniani, hasa usiku.

Moshi uwekwe mbali na orodha hii. Jiko la kuni na tanuri la kubanikia mbuta hutoa machozi na kikohozi kwa kila mtu, mwenye mzio na asiye nao, kwa sababu moshi huunguza utando wa pua moja kwa moja. Mzio ni jambo jingine. Huchagua watu.

Kwa nini huchagua? Clemens von Pirquet wa Vienna alibuni neno la mzio kwa lugha za Ulaya mwaka 1906, baada ya kuona kwamba kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kulinda, huweza kubadilika na kuudhi. Mara ya kwanza mtu anapovuta vumbi la sami hakuna kinachotokea. Lakini kwa yule aliyerithi mwelekeo huo kwa wazazi, mwili hutengeneza kimyakimya kingamwili ya aina iitwayo IgE, iliyotambuliwa miaka ya 1966 na 1967 na mume na mke wa jina la Ishizaka nchini Marekani na kundi lingine Uswidi. Kingamwili hizo hujibandika kwenye seli zilizojaa histamini, puani, machoni na kifuani, zikasubiri. Wingu la pili likija, zinaikamata protini ile, seli zinafunguka, na histamini inamwagika. Mishipa hutanuka, maji hutoka, neva huwashwa. Yote ndani ya dakika chache. Vidonge vya kuzuia histamini, vinavyouzwa kwa bei nafuu katika maduka ya dawa, huziba mlango ambao histamini ingeingilia; dawa za kuua vijidudu, ambazo wengi hupewa au hujinunulia, hazina la kufanya hapo.

Kingamwili ya IgE haikuumbwa kwa ajili ya kutesa watu. Inaaminika kuwa silaha ya kale dhidi ya minyoo, na hapo visiwa vya Ziwa Victoria vimeingia katika sayansi ya dunia. Wavuvi wa ziwa hili huishi na minyoo ya kichocho kwa sababu konokono wanaoibeba wako pale pale wanapoogea na kuvutia mashua. Wanasayansi walijiuliza kama minyoo, kwa kuituliza kinga ili isiwaue, huwakinga watu hao na mzio, na kama kuwatibu kutawafungulia mlango wa pumu na chafya. Utafiti kutoka Gabon uliochapishwa mwaka 2000 uliashiria hivyo. Visiwa vya Koome, upande wa Uganda, vikachaguliwa kulipima jambo lenyewe. Kuanzia mwaka 2012 watafiti wa Entebbe walivigawa vijiji 26 vya wavuvi katika makundi mawili, moja likipewa dawa za minyoo kwa utaratibu wa kawaida wa taifa, jingine mara nyingi zaidi, kwa miaka 3. Mwishoni minyoo ilipungua zaidi katika kundi la pili, lakini mzio na kubanwa kifua havikuongezeka. Ni habari njema, na inafaa ifike Mfangano kwa lugha inayoeleweka: hakuna sababu ya mzazi kumnyima mtoto dawa ya kichocho kwa kuhofia pumu.

Ndani ya Kenya, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1998 uliwalinganisha watoto wa shule wa Nairobi na wa Murang'a, ukakuta kifua kubana baada ya mazoezi kwa asilimia 22.9 mjini na 13.2 kijijini. Kijiji kilikuwa na nafuu. Lakini asilimia 13 si kidogo, na maisha ya Sena, Mbita au Muhuru kule Migori hayafanani tena na kijiji cha zamani. Nyumba ni za mabati na madirisha ya vioo, godoro ni la sponji, na taa ya sola huwaka hadi usiku wa manane, ikiwaita sami waliokuwa wakipita.

Taa ni mahali pazuri pa kuanzia kwa mwenye nyumba. Ikitundikwa mbali na mlango, sami watafia nje. Rundo la asubuhi linyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa ili vumbi lisipae, na afagie yule ambaye pua yake haina ugomvi nalo. Neti ikung'utwe nje, nguo zisianikwe siku wingu linapoonekana.

Kazi kubwa zaidi iko zahanati. Kisiwa hiki kiko katika eneo lenye malaria nyingi, na muuguzi ana haki ya kuiwaza malaria kwanza. Apime. Lakini mgonjwa asiye na joto, mwenye macho yanayowasha na kamasi jepesi, ambaye hali yake hurudi na kuondoka kila baada ya wiki kadhaa, aulizwe swali moja ambalo halimo katika vitabu vya Manchester: je, mwezi uko wapi, na sami wamefika? Jibu liandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe. Baada ya mwaka mmoja wa kuandika hivyo, Mfangano itakuwa na kalenda yake yenyewe ya mzio. Nusu yake tayari inajulikana kwa kila mvuvi wa omena, ambaye huzihesabu siku za giza bila kutazama karatasi.